Vitonge vya nguvu bila oveni: tende, karanga na oti. Tuelekezane hapa mpaka vishikane

Mama Pacha (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kila nikivitaja vitonge vyangu kwenye mada za watu, najikuta najibu swali lile lile kwa watu kumi. Nimeona nifungue uzi, anayetaka asome hapa, na mwenye ujuzi kunizidi aongeze.

Nazungumzia vitonge vya tende, siagi ya karanga na oti. Oti ni zile punje zilizobanjwa bapa za kupikia uji. Havihitaji oveni. Moto pekee ni wa kukaangia oti dakika tano, na hata huo ukikosa jiko unauacha. Natengeneza kila Jumapili jioni, mwaka wa tatu sasa. Pacha wangu wanarudi shule na njaa ya kutisha, na baba yao anatoka alfajiri kabla hata chai haijachemka. Kikikosekana cha kutia mkononi, wote watatu wanaishia kwenye biskuti.

Vipimo vyangu ni hivi, na naomba mtumie mizani kama mnayo, maana kikombe cha huyu si kikombe cha yule:

oti gramu 150
tende zilizotolewa kokwa gramu 150
siagi ya karanga gramu 120
ufuta gramu 30
kakao ya unga vijiko 2 vya chakula
chumvi robo kijiko cha chai

Vinatoka vitonge 20, vidogo kidogo kuliko mpira wa tenisi ya meza.

Anza na oti na ufuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha. Ufuta ukianza kurukaruka na jikoni kukinukia, epua, mwaga kwenye sinia zipoe kabisa. Zikiingia za moto zinayeyusha mafuta ya karanga na mchanganyiko unateleza. Tende zimwagie maji ya moto, zikae dakika 10, zichuje, kisha zikamue kwa mkono mpaka zisidondoshe tone. Ziponde au zisage ziwe kama matope mazito. Changanya tende na siagi ya karanga kwanza, vikishakuwa kitu kimoja ndipo utie vikavu vyote.

Sasa hapa. Ukimaliza kuchanganya, funika bakuli uondoke dakika 15. Nenda kaoshe vyombo. Oti zinakunywa maji polepole, na mchanganyiko ulionata viganja vyote mwanzoni, ukirudi unaukuta mwingine kabisa. Wengi wanaona unanata, wanaongeza oti palepale, unaonekana mzuri, kesho yake kitonge ni kokoto. Hilo ndilo kosa ninaloletewa mara nyingi kuliko yote.

Baada ya hizo dakika 15 jaribu kimoja. Chota kiasi cha kijiko, kibane ngumini, hesabu hadi tatu, fungua. Kikibaki na alama za vidole bila nyufa pembeni, anza kuviringa. Kikipasuka, ongeza maji kijiko kimoja cha chai, narudia, cha chai. Kikigoma kutoka kiganjani, ongeza kijiko kimoja cha oti halafu usubiri tena.

Viringa kwa viganja vilivyolowa kidogo, panga kwenye chombo chenye mfuniko, friji saa moja. Vinakaa wiki nzima.

Kijana wa Bweni

Mama shikamoo, na asante kwa somo. Mimi niko bwenini, sina blenda, sina friji, nina bakuli, uma na birika la umeme. Nijitoe tu?

Mama Pacha

Marahaba mwanangu. Usijitoe. Tende laini ikilowa dakika 10 inapondeka kwa uma, tena vizuri. Igandamize ubavuni mwa bakuli, vuta, gandamiza, vuta. Vijinyuzi vitabaki na havina shida. Za aina kavu ngumu zipe dakika 20 na maji ya moto mara mbili.

Oti usikaange. Kuhusu friji, tengeneza nusu ya vipimo, hifadhi kwenye chombo kinachobana, mahali penye kivuli. Mimi bila friji sizidishi siku tatu.

Kinu na Mchi

Dada Mama Pacha, hapo kwenye kuloweka ndipo tunapoachana. Tende iliyokauka ina maji kama asilimia 20 hivi, na uchache huo wa maji pamoja na wingi wa sukari ndivyo vinavyoifanya ikae miezi bila kuoza. Ukiiloweka umeivunjia ulinzi wake. Mimi natwanga kavu. Naipasha kidogo juu ya mvuke ilainike, naitia kinuni na karanga zilizokwisha kutwangwa, mafuta ya karanga yanaisaidia kuteleza. Inachukua muda na mkono unauma, lakini vitonge vyangu nje ya friji vinafika siku tano vikiwa salama na ladha ni ile ile.

Mama Pacha

Kaka hapo umenishika, na umeeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Basi tuseme hivi: mwenye friji aloweke na akamue, maana kitonge kinakuwa laini na watoto wanakipenda. Asiye na friji afuate njia ya kinu. Kijana wa Bweni, umeona? Ukipata tende laini zile zinazong'aa, usiloweke kabisa, ponda hivyohivyo.

Bint Hiliki

Mimi naongeza hiliki mbegu nne nilizotwanga na ganda la chungwa lililokunwa. Kakao naiacha. Jaribuni.

Mguu Mwepesi

Nakimbia masafa marefu, nataka kuvitumia barabarani badala ya zile jeli za paketi. Nimepiga hesabu ya vipimo vya mleta mada: jumla ni kama kalori 1,900, ukigawa kwa 20 kila kitonge kina kalori 95, wanga gramu 12 hivi, mafuta zaidi ya gramu 4, protini gramu 3. Niko sahihi?

Mpima Mizani

Uko sahihi mkuu, nami nimepata hivyo. Tende ndiyo inayoleta sukari ya haraka, oti wanga wa polepole, karanga na ufuta vinaleta mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4, ndiyo maana kitonge kidogo kinabeba nguvu nyingi.

Ila kwa matumizi yako kuna jambo. Mazoezi yanayozidi saa moja, ushauri wa kawaida ni wanga gramu 30 hadi 60 kwa kila saa. Kwa hivi vitonge ni vitatu mpaka vitano kwa saa, na pamoja navyo unameza mafuta gramu 13 hadi 22 na nyuzinyuzi za kutosha. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Ukiwa unatembea mlimani au unaendesha baiskeli taratibu, sawa. Ukiwa unakimbia kwa kasi, tumbo litakusumbua.

Tengeneza aina mbili. Za njiani: tende gramu 200, oti gramu 80 zilizosagwa ziwe unga, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi ya karanga kijiko kimoja tu cha kushikizia. Hizi za mleta mada kula saa moja na nusu kabla, au ukisharudi. Na jaribu kwenye mazoezi, usijaribu siku ya mashindano.

Mguu Mwepesi

Nimekusoma mkuu. Na wanaosema vitonge hivi ni chakula cha protini?

Mpima Mizani

Gramu 3 kwa kitonge, yai moja lina kama 6. Ni chakula cha nguvu, tukiite hivyo.

Mlezi wa Mdogo

Nashukuru kwa uzi huu. Nimefurahi kuona havina sukari, maana mama yangu ana kisukari na anapenda vitu vitamu. Ninaweza kumpa vingapi kwa siku?

Mpima Mizani

Dada, naomba nikusimamishe hapo kwa upendo. Sukari ipo, na si kidogo. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende ni sukari. Gramu 150 za tende zina sukari kama gramu 100, kwa hiyo kila kitonge kina gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Ongeza wanga wa oti, ambao nao ukimeng'enywa unaishia kuwa glukosi.

Tofauti na pipi ni kwamba tende nzima inakuja na nyuzinyuzi zake, na karanga zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Lakini kwenye hesabu ya wanga wa siku, kitonge kimoja ni gramu 12 na lazima ziingie. Mwambie daktari wake au mtaalamu wake wa lishe vipimo hivi jinsi vilivyo, atakupa idadi. Usimpe kwa imani kwamba havina sukari.

Na asali, kwa wale wanaoiongeza, ndiyo kabisa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linaiweka asali kundi moja na sukari ya mezani, zile sukari ambazo linashauri zisizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku. Tunda zima lililokaushwa halimo kwenye kundi hilo. Kwa hiyo tende ina nafuu yake, ila nafuu si ruhusa.

Mlezi wa Mdogo

Asante sana kaka, hilo lingeniletea matatizo. Nitaongea na daktari wake kliniki ijayo. Swali la pili, mdogo wangu ana miezi kumi, amenyooshea mkono kimoja.

Mama Pacha

Mpendwa, usimpe. Sababu ziko mbili na zote ni nzito.

Kwanza, watu wengi wanatia asali kwenye vitonge. Mtoto aliye chini ya miezi 12 asilambe asali hata kidogo. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa *Clostridium botulinum*. Mtu mzima tumbo lake linawadhibiti, utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi, wanachipua humo na kutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Na kuichemsha asali nyumbani hakuziui mbegu hizo.

Pili ni kupaliwa. Kitonge kinanata, ni duara, na kinatosha kabisa kuziba koo dogo. Pacha wangu walipokuwa na miaka mitatu nilikuwa nakibonyeza kinakuwa bapa kama sarafu, nakivunja vipande vidogo, na wanakula wamekaa, si wakikimbia. Karanga nzima au korosho nzima sikutia mpaka walipotimiza miaka mitano. Iliyosagwa laini ndiyo niliyotumia.

Fundi Vipande

Wengine tunapenda vipande vya mraba vya kubeba mfukoni, si vitonge. Nilihangaika navyo miezi, kila nikikata vinamomonyoka nakula kwa kijiko. Niliongeza asali, vikawa vinanata na bado vinamomonyoka. Mpaka nilipoelewa kwamba asali mbichi ina maji, kama asilimia 17 au 18, na maji hayo ndiyo yanayoifanya itiririke. Yapunguze, itashika.

Vikavu: oti gramu 150 na mbegu gramu 70, mimi nachanganya za maboga na alizeti, zote zimekaangwa na ziko vuguvugu. Vya kushikisha: asali gramu 120, siagi ya karanga gramu 100, chumvi kidogo.

Asali peke yake kwenye sufuria ndogo nzito, moto mdogo. Itatoa povu na kupanda, usiondoke. Ikishachemka dakika mbili au tatu, chukua bakuli la maji baridi, dondoshea tone. Likitawanyika, bado. Likijikusanya chini na ukilishika vidoleni linafinyangika kama gundi laini, epua papo hapo. Mwenye kipimajoto ni kati ya nyuzi 112 na 116. Ukipitiliza, vipande vitavunja meno na asali itakuwa chungu.

Tia siagi ya karanga kwenye asali ya moto, koroga mara moja, mwaga juu ya vikavu, changanya kwa mwiko haraka kabla haijapoa. Sinia ulitandike karatasi ya kuokea. Halafu kugandamiza: mimi nachukua glasi nene yenye kitako bapa, naivika karatasi, nashindilia kuanzia pembe kwenda katikati, kwa uzito wa bega, mpaka uso wote unang'aa. Vipande vingi vinamomonyoka kwa sababu mtu amesawazisha kwa kijiko akadhani ameshindilia. Saa moja kwenye friji, kata kwa kisu kilichopakwa mafuta.

Asali iliyochemka inaunguza kuliko maji, na inang'ang'ania ngozi. Watoto wakae mbali na jiko.

Bint Hiliki

Fundi Vipande, hilo tone la maji baridi limeniokoa. Nimefanya leo mchana, vimekatika na pembe zake.

Njaa ya Saa Nne

Vyangu vilikuwa vizuri kwenye friji, nikavipeleka kazini kwenye mkoba, kufungua nakuta uji. Nilifuata maelekezo ya mtu mmoja, alisema vijiko vinne vya mafuta ya nazi.

Fundi Vipande

Jibu liko kwenye hayo mafuta ya nazi. Yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Kwenye friji yanaganda na kujifanya ndiyo yaliyoshika kitonge, mkoba ukipata joto yanaachia. Kitonge cha safari kishikwe na tende au asali iliyopunguzwa maji, mafuta ya nazi yabaki kwa vile vinavyoliwa nyumbani. Chokoleti nayo ni hivyohivyo, inahimili kidogo zaidi lakini jua la gari linaimaliza.

Njaa ya Saa Nne

Sawa mkuu. Halafu vile nilivyotia mbegu za chia vimekauka vimekuwa kama udongo, na maji niliweka yaleyale.

Mama Pacha

Chia anakunywa maji kama mara kumi ya uzito wake. Kijiko kimoja chake kimezikausha tende zako zote. Ukitaka chia, mloweshe kwanza kwenye vijiko vitatu vya maji mpaka awe utelezi, ndipo umtie, au mtie mkavu lakini upunguze oti. Ndiyo ile ile habari ya kusubiri: vikavu vyote vina kiu, kila kimoja kwa kasi yake. Oti dakika 15, nazi kavu iliyokunwa nusu saa, mbegu za kitani zilizosagwa ni haraka sana.

Mpishi Mpya

Wadau, mimi sina oti, nina unga wa ngano. Nimeona watu wanatengeneza vitonge kama vile donge la keki, mbichi, bila kuoka. Naweza?

Kinu na Mchi

Hapana ndugu yangu. Watu wengi wanaogopa yai bichi na kusahau unga. Ngano inatoka shambani, inasagwa, inafungwa. Kwa kawaida hakuna moto ulioipitia, kwa hiyo bakteria kama Salmonella na E. koli wanaweza kuwa humo na unga ukaonekana mweupe, safi, hauna harufu. Tumezoea kuwa salama kwa sababu unga tunaupika. Kuukaanga mwenyewe kikaangoni nako si kinga ya kutegemea, maana huwezi kujua kama joto limefika kila mahali.

Oti za kubanjwa zimepitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kubanjwa, ndiyo maana zinatumika hivyo. Kama huna oti, tumia karanga na mbegu zilizokaangwa na nazi kavu, au nafaka za kifungua kinywa zilizokwisha kuiva, zivunjevunje. Ila unga mbichi uache.

Na kwa kuwa nimeshaanza kuandika, niseme la karanga, kwa sababu ndilo ninalolipenda na ndilo linalorukwa kila mara.

Siagi ya karanga natengeneza mwenyewe. Kazi ya kwanza si kukaanga, ni kuchambua. Namwaga karanga kwenye ungo, mahali penye mwanga wa dirisha, napitisha vidole. Inayotoka ni iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika na kuwa na weusi, na yoyote yenye unga wa kijani au kijivu. Sizipi kuku wala sizitengi kwa matumizi mengine, zinatupwa. Hizo ndizo zinazoelekea kubeba sumukuvu, ile inayoitwa aflatoksini, inayotolewa na ukungu wa *Aspergillus*. Inaharibu ini, inaleta saratani ya ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Kujulikana kwake kulianzia Uingereza 1960, bata mzinga kama 100,000 walipokufa kwa ugonjwa usioeleweka, ikaja kugundulika chanzo ni chakula chao kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu. Karanga moja chungu ukiionja, iteme. Usimeze kwa aibu.

Zilizobaki nakaanga kwa moto mdogo dakika 15 hivi mpaka ganda linapukutika, nasugua kwenye kitambaa, napepeta. Kisha kinuni. Mwanzo ni chengachenga. Baada ya muda ni unga mkavu unaorudi kwenye kuta za kinu na unaona kama hakuna kinachoendelea. Watu wengi huishia hapo wakaongeza mafuta. Endelea. Unga unaanza kujikunja, unakuwa bonge, mchi unakuwa mzito kuvuta, na ghafla bonge linalegea na kung'aa, mafuta yake yenyewe yametoka. Kwa karanga za moto inakuwa rahisi, zikipoa ni kazi mara mbili. Mwenye blenda apitie hatua zilezile, aipumzishe kila dakika moja, mota isiungue.

Mama Pacha

Kinu na Mchi, Mungu akuzidishie. Hilo la kuchambua nilikuwa nafanya kwa mazoea tu, sasa nitalifanya kwa macho mawili.

Na mimi niungame la kwangu. Mwaka wa kwanza nilitia ndizi mbivu badala ya tende, zilikuwa zinaharibika nikaona nisitupe. Vilikuwa vitamu, nikavifungia kwenye kopo nikaliacha mezani. Siku ya tatu nafungua, nakutana na harufu ya uchachu na manyoya meupe chini ya vile vya katikati, na mmoja wa pacha alikuwa ameshakula kimoja asubuhi ile. Aliumwa tumbo siku nzima nami nilikaa naye nikijilaumu. Tangu hapo ndizi, tufaha lililokunwa, maziwa, chochote chenye maji, ni friji, na siku mbili basi. Ukiona ukungu kwenye kimoja, mwaga kopo zima.

Mlezi wa Mdogo

Pole sana dada. Na kwa wenye mzio wa karanga?

Mama Pacha

Mbegu za alizeti ukizisaga zinatoa siagi nzuri tu, utaongeza utamu kidogo kwa sababu ina uchungu fulani. Ufuta uliosagwa pia, ila ufuta nao una watu wake wenye mzio, uliza kwanza. Na kama unatengenezea mtu mwenye mzio, kinu na blenda iliyosaga karanga jana si ya kutumia leo kwa kusuuza tu, mabaki kidogo yanatosha kumdhuru. Kwa watoto wa shule uliza darasani kabla ya kufunga.

Mguu Mwepesi

Kugandisha kwenye friza je? Nataka vya mwezi.

Fundi Vipande

Vinakubali hadi miezi mitatu. Vitandaze kwenye sinia visigusane, saa moja, vikishagumika ndipo uvitie kwenye mfuko na kutoa hewa. Ukivitupia vyote mfukoni vikiwa laini utatoa jiwe moja. Toa unavyohitaji usiku, asubuhi viko tayari. Vyenye mbegu za kitani zilizosagwa usiviweke sana, mafuta yake yanachacha mapema. Vikinuka kama rangi ya ukutani vimekwisha.

Kijana wa Bweni

Mama Pacha nimerudi. Nimefanya jana usiku, nusu ya vipimo, uma na bakuli. Sikuloweka, nilipata zile tende laini. Nilipomaliza kuchanganya vilikuwa vinanipasukia mkononi, nilikuwa karibu nimwage maji nusu kikombe. Nikakumbuka, nikafunika, nikaenda kuoga. Kurudi, nikaongeza vijiko viwili vya chai vya maji, nikabana ngumi nikahesabu hadi tatu. Alama za vidole zote tano ziko pale. Vimetoka kumi, wenzangu wa chumbani wamekula sita. Ila vina chumvi sana, na nilipima robo kijiko.

Mama Pacha

Hongera mwanangu! Nusu ya vipimo ina maana nusu ya hiyo robo. Na tazama kopo lako la siagi ya karanga, nyingi za dukani zimeshatiwa chumvi. Ikiwa imeandikwa chumvi, usiongeze kabisa. Na hivyo vinne vilivyobaki vifiche.